Bi Kidude: mkono uliopiga msondo ndio uliopaka hina

Kila nikipewa fomu ya kujaza, nakwama penye neno "Kazi". Mstari wenyewe ni mfupi, haufiki urefu wa kidole. Mimi nakanda na kuchua watu: migongo ya mafundi uashi, shingo za watu wa ofisini, miguu ya wazee, wazazi walio ndani ya arobaini. Hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Tena naongoza kikundi cha ngoma cha wanawake kumi na mmoja, nilichokirithi kwa mama yangu mkubwa, na jioni tatu kwa wiki nipo huko. Napanga safari, nasuluhisha waliogombana, nafundisha wasichana kupiga. Karani huniuliza, "Sasa dada, kazi yako hasa ni ipi?" Kwa miaka mingi nilimjibu kwa haya, kama mtu aliyeshikwa na vitu viwili visivyokaa chungu kimoja.

Kilichoniondoa haya hiyo ni kisa cha Bi Kidude.

Wasichana wangu wote wanamjua. Wanaijua sura yake kwenye picha, bibi mwembamba mwenye msondo, ile ngoma ndefu, katikati ya miguu, na wanaijua sauti ile kavu inayokwaruza na kupenya. Siku moja niliwauliza, Bi Kidude alikuwa akifanya kazi gani? Walikuwepo saba, na wote walijibu neno moja: mwimbaji.

Hawakukosea. Mwaka 2005, kule Newcastle, Uingereza, watu wa WOMEX, ambao hukutana kila mwaka kununua na kuuza muziki wa mataifa, walimpa tuzo yao, na walimpa akiwa mwimbaji. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004 hapa Unguja, lilimpandisha jukwaani Ngome Kongwe akiwa mwimbaji. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, magazeti ya nchi na ya nje yaliandika malkia wa taarab na unyago, na neno unyago likaachwa pale bila maelezo, kama jina la aina nyingine ya muziki.

Ila wanawake wa Unguja hawakumwendea kusikiliza tu. Walimwendea awachezee wari wao. Walimwendea awapake hina. Walimwendea kwa dawa za miti. Hayo yote yanajulikana, hata wageni waliomwandika waliyataja, lakini waliyataja kama mtu anavyotaja kwamba fulani pia anapenda kufuga kuku. Nataka kukichukua kisa hiki na kukitazama kama ninavyomtazama mtu anayeingia kwangu analalamika mgongo: simtazami mgongo peke yake, namtazama anavyotembea tangu mlangoni.

Anavyotembea tangu mlangoni

Bi Kidude, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, alizaliwa Mfagimaringo, Unguja. Mwaka haukuandikwa. Mwenyewe alisema alizaliwa zama za rupia, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka 1936, kwa hiyo hesabu hiyo ni pana. Waliojaribu kuibana waliiweka kwenye miaka ya 1910 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa muuza nazi. Kidude ni jina la utani alilopewa kwa sababu alizaliwa mdogo mno.

Alianza kuimba bado mtoto, akizichukua kwa sikio nyimbo za Siti binti Saad, yule binti wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Aliozwa bila kutaka, akakimbia. Alikwenda bara, na kwa masimulizi yake mwenyewe alitembea huko miguu mitupu, akiimba na vikundi vya taarab, akakaa Dar es Salaam miaka mingi. Katika miaka ya 1940 alirudi Unguja, akapata kijumba chake cha udongo, akaendelea na maisha.

Maisha gani? Hapo ndipo wasimulizi wengi huruka. Kati ya kurudi kwake na siku dunia ilipomgundua pana kiasi cha miaka arobaini. Miaka hiyo hakuwa na tuzo wala tamasha. Alikula nini? Alikula kwa unyago, kwa hina, kwa dawa, na kwa kuimba palipokuwa na harusi. Kwa lugha ya fomu yangu tungesema alikuwa na kazi nne. Mimi nasema alikuwa na moja, na jina lake lipo: ukungwi, kazi ya kuwafunda wari unyagoni.

Unyago wa Unguja ulivuka maji. Waliouleta ni watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamakonde na wengine, walioletwa visiwani utumwani. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi walibaki hawana shangazi wala bibi wa karibu, hawana mtu wa kumpokea binti anapovunja ungo. Ngoma ndiyo iliyowapa jamaa. Ukichezwa, aliyekusimamia anakuwa somo yako, na somo ni ndugu kamili: ana haki ya kukukemea, ana wajibu wa kukuuguza, na binti yako akikua atamuuliza yeye kabla yako. Miaka ilivyokwenda wakaingia wanawake wa kila ukoo, mpaka leo ukiuliza unyago ni wa nani, watakwambia ni wa Unguja.

Ya ndani yanabaki ndani, sitayasema. Yanayojulikana na kila mtu yanatosha kwa uchambuzi huu. Kungwi anaongoza ngoma. Anabeba nyimbo kichwani, anajua ipi inafuata ipi, anajua lini ngoma ichapuke na lini ipoe. Anasimamia wanawake wazima walioleta maneno yao ya nyumbani, na anahakikisha usiku unaisha bila ugomvi. Huo ni uongozi wa sanaa, na wala si mdogo. Nimewahi kuona watu wenye shahada wakishindwa kuongoza mazoezi ya saa mbili ya watu wanane. Kisha kungwi huyohuyo anafundisha mwili. Namna ya kujisafisha, kujifukiza udi, kuchezesha nyonga, kukaa, kulala, kupumua. Mwari anapokaribia kuolewa, somo ndiye humsinga, yaani humsugua mwili kwa singo ya maua na viungo. Anapojifungua, mara nyingi ni somo huyohuyo anayekuja na maji ya moto kumkanda, kumfunga tumbo kwa kanga, na kumwamrisha anywe uji wa pilipili manga.

Ukiitazama hivyo, mwanamke mmoja anaufuata mwili wa mwanamke mwenzake kwa miaka ishirini au thelathini, kuanzia ngoma hadi kitanda cha uzazi. Bi Kidude alitoka humo. Sauti yake ilitoka humo pia.

Wimbo ndio saa

Niseme nilichokiona kwa macho yangu, au tuseme kwa ngozi yangu.

Nilisingwa siku saba kabla ya harusi yangu. Chumba kilikuwa cha uani, pazia limeshushwa, mkeka chini na kanga mbili juu yake. Singo ilikuwa kwenye bakuli: waridi na asumini zilizokaushwa, langilangi, mpachori, karafuu, liwa, vyote vimetwangwa kwenye kinu na kuloweshwa kwa mawardi hadi vikashikana. Somo yangu alikuwa amepita miaka sabini. Alianza nyayoni. Aliishika nyayo ya kushoto kwa mikono miwili, akaiacha ikae, akaanza kuvuma wimbo kwa mdomo uliofungwa.

Nilikuwa bado sijasomea kazi hii, kwa hiyo nilifurahia tu. Ni miaka baadaye, nikiwa darasani Dar es Salaam, mwalimu akituelekeza kutazama saa ya ukutani, dakika kumi mgongo na dakika tano kila mguu, ndipo nilipokumbuka na kuelewa. Somo yangu hakuwa na saa. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, mikono ilihama: nyayo, ndama, goti, paja. Mwisho wa mshororo, pale mwimbaji anapovuta pumzi, mikono ilisimama ikabonyeza na kutulia. Nami nilivuta pumzi hapohapo bila kujua. Zile beti zilikuwa ndiyo vipimo vyake. Akijua beti kumi na mbili, anajua muda wa mwili mzima, na hawezi kuharakisha mguu wa kulia kwa sababu amechoka, maana wimbo haukatwi katikati.

Hicho ndicho ninachomaanisha ninaposema kazi ni moja. Hakuwa mwimbaji ambaye pia anakanda. Kumtoa wimbo ni kumnyang'anya kipimo.

Niliupata uthibitisho kwa njia mbaya. Baada ya cheti niliajiriwa kwenye hoteli moja ya pwani. Katika orodha ya bei palikuwa na singo, imeandikwa kwa maneno ya kuvutia, kwa dola. Ilikuja kwenye mifuko, kavu, imenunuliwa kwa kilo kwa akina mama wa kijijini ambao hakuna aliyewaita wataalamu. Chumbani pana mashine inayotoa sauti ya maji yanayotiririka. Wiki ya pili, mikono ikiwa kwenye mgongo wa mgeni, nikaanza kuvuma kile kiitikio, bila kukusudia. Msimamizi aliniita pembeni. Akasema kwa upole kabisa kwamba wageni wanataka utulivu.

Nilinyamaza miaka miwili. Mwisho wa mwaka wa kwanza kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinaniuma usiku. Nilifikiri ni wingi wa wageni, na kweli walikuwa wengi, lakini nikijichunguza naona nilikuwa nabonyeza kwa nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kasi moja, kama anayekuna nazi ya shughuli. Mahali pa kupumzisha mkono palikuwa penye pumzi ya wimbo, na wimbo nilikuwa nimeumeza. Nilipoacha kazi pale na kurudi kukanda nyumbani kwa watu, nikivuma, maumivu yalipungua. Sidai kwamba huo ni utafiti. Ni kifundo changu.

Nani alikuruhusu kugusa?

Sasa nifike pazito zaidi. Kumgusa mtu mzima mwili ambao haujavaa kitu ni jambo kubwa. Katika kazi ya hoteli ruhusa hiyo inanunuliwa: mgeni amelipa, ametia saini karatasi, basi. Katika mtaa haiwezi kununuliwa. Mwanamke hakupi mgongo wake kwa sababu una cheti ukutani. Anakupa kwa sababu anakujua umesimama wapi.

Bi Kidude alisimama mbele ya wanawake usiku kucha. Walimwona anavyomtuliza binti mwenye hofu. Walimsikia akisema kwa wimbo mambo ambayo mama mzazi anashindwa kuyatamka. Asubuhi yake, wakimletea mkono ili apake hina, au wakimnong'oneza tumbo linavyowauma, walikuwa wameshampima. Uongozi wa ngoma ndio uliokuwa leseni. Ndiyo maana naona ni kosa kusema alikuwa msanii maarufu aliyejua pia miti shamba, kama vile vitu hivyo vilikutana ndani yake kwa bahati.

Serikali, kwa upande wake, inaviona viwili. Tanzania Bara msanii anakwenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililotokana na sheria ya 1984. Mganga wa tiba asili anakwenda kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya 2002. Huku visiwani nako sanaa ina meza yake na tiba ina meza yake. Silalamikii kuwepo kwa meza hizo. Anayeuza dawa lazima awe na mtu wa kumwuliza. Ninachosema ni kwamba kungwi hana pa kuketi: akienda meza ya kwanza anaulizwa amerekodi nyimbo ngapi, akienda ya pili anaulizwa anatibu ugonjwa gani.

Na sitaki kuipamba kazi ya kale kuliko ilivyo, kwa sababu nimeona hatari yake kwa karibu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kumkanda mzazi wa siku ya tisa. Binti huyo tulimcheza sisi, kikundi chetu, mimi mwenyewe nikiwa kwenye msondo. Nyumba ilikuwa tayari: maji yanachemka, majani ya mwarobaini, taulo. Nikaanza nyayoni kama nilivyofundishwa na somo yangu, na kabla sijabonyeza nikasimamisha mkono. Ndama ya kushoto ilikuwa imevimba, ya kulia haijavimba. Ya kushoto ilikuwa moto, ngozi imevutika inang'aa, na nilipomwambia akunje wayo kuelekea kwake alikunja uso. Bibi yake akasema, "Hapo ndipo panapotaka kuchuliwa, mwanangu, damu imekaa."

Kwa kweli damu ilikuwa imekaa. Mwanamke akijifungua, damu yake huwa nyepesi kuganda, mwili unajilinda asitoke damu nyingi, na hali hiyo huendelea wiki sita hivi, yaani kama arobaini yetu na siku mbili tatu juu yake. Bonge la damu likijifunga ndani ya mshipa wa mguu, unauona uvimbe wa upande mmoja, joto na maumivu. Ukilichua, linaweza kung'oka likasafiri na damu hadi kwenye mapafu, na mtu akafa mikononi mwako ndani ya dakika chache. Hilo nilifundishwa darasani, si uani. Somo yangu, Mungu amrehemu, nadhani angechua.

Nikasema hapachuliwi, anakwenda hospitali sasa hivi, asitembee, abebwe. Mkwe akanuna. Bibi akaniuliza kama nimesahau kazi. Nikarudia, kwa sauti ile ninayoitumia ngomani wanapokuwa wengi wanapiga kelele. Wakambeba. Hospitali walikuta bonge, wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu isigande, na mtoto wake sasa anasoma chekechea.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi, na kila mara nafika palepale. Cheti ndicho kilichoniambia nisichue. Lakini cheti hakikuwafanya wanitii. Kwa nyumba ile, msichana wa hospitali mwenye koti jeupe angeambiwa "sawa, tumesikia", na akishatoka tu maji yangemwagwa na mguu ukachuliwa. Walinitii kwa sababu nilisimama mbele yao usiku wa ngoma ya binti yao. Vitu vyote viwili vilihitajika, na vilikuwa ndani ya mtu mmoja.

Walichokikosa waliomtukuza

Nikirudi kwa Bi Kidude nikiwa na siku ile akilini, naona wazi palipoharibika. Hakudhulumiwa kwa kusahauliwa, maana alisifiwa kuliko karibu mwanamke yeyote wa visiwa hivi. Alisifiwa kwa kile kinachoweza kuuzwa tiketi. Sauti inaweza kupanda ndege, inaweza kuwekwa kwenye sahani ya muziki. Mkono unaopaka hina na kupima dawa hauwezi. Kwa hiyo nyimbo zimehifadhiwa, zipo, ukitaka usiku huu utazisikia. Maarifa ya mkono yalibaki kwa wale wachache aliowafundisha ana kwa ana. Hakujaaliwa mtoto, na kungwi kwa kawaida harithiwi na mtoto tu, hurithiwa na aliyeketi miguuni pake. Lakini kuketi miguuni kwa mtu kunataka muda, na muda unataka mtu wa kukununulia unga. Fedha zilizokuja na safari zilikuwa za safari. Za kumlisha mwanafunzi miaka mitano zilikuwa hazimo kwenye hesabu ya mtu.

Kuna lawama nyingine, hii ilitoka kwetu wenyewe. Wapo waliochukia kuona ngoma ya unyago jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, na hakulegeza mpaka alipokufa. Alisema kitu cha chumbani kikitolewa barazani kinapoa. Namheshimu, ila kwa hili namwona Bi Kidude alikuwa na haki. Alitoa ngoma, hakutoa chumba. Aliyeketi Ngome Kongwe aliondoka na mdundo na mzaha wa maneno. Masomo ya mwili yenyewe hakuyapata, kwa sababu hayapatikani kwa kutazama. Yanapatikana kwa kushikwa mkono. Kama kuna aliyekitoa chumba nje, ni ile orodha ya bei ya kwetu hotelini.

Kuna jambo moja huwa nawaonyesha wasichana. Nachukua video yake ya uzeeni, na sauti naizima. Nawaambia wasisikilize, watazame. Msondo ni ngoma ndefu, unafika tumboni na zaidi kwa mtu mzima, na una uzito. Yeye ameufunga kiunoni kwa kanga na kuupanda kama anayepanda punda, amesimama. Tazameni magoti, nawaambia: yamelegea, hayajakakamaa. Tazameni mgongo, umenyooka, hajauinamia mlio. Uzito wa ngoma umekaa kwenye nyonga na kushuka visiginoni. Mabega hayabebi kitu, ndiyo maana mikono ni myepesi. Wasichana wangu wenye miaka ishirini huinama juu ya msondo kama wanachungulia kisima, na kesho yake wanakuja kwangu niwachue kiuno, pale kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Bibi wa miaka tisini hakuinama. Mwili ule ulikuwa umefundishwa na mtu aliyeujua mwili, na mwenyewe akaufundisha kwa wengine. Ukiizima sauti ndipo unapomwona kungwi.

Kwenye kikundi tumebadilisha mambo kwa sababu ya kisa hiki. Anayetaka kujifunza msondo kwangu anajifunza pia kutwanga singo na kuisinga, kwa wimbo, hadi awe na beti za kumtosha mwili mzima. Kabla ya kumgusa mzazi yeyote anakaa nami asubuhi nzima tukitazama miguu: upi umevimba, upi una joto, nini kinachuliwa na nini kinapelekwa hospitali. Maji ya kukandia anayapima kwa kiwiko chake kwanza, kwa sababu nimeona wanawake wawili waliounguzwa na maji ya mkono wenye haraka. Pesa ya ngoma ya harusi tunaitoa fungu moja la kumlisha anayejifunza. Si kubwa. Mwaka jana iliwatosha wawili.

Mmoja wa hao ameondoka mwezi uliopita, amepata kazi hoteli ya Nungwi. Nilimfungia singo ya robo kilo na nikamwambia avume, hata kama ni kwa puani. Wa pili yupo. Jumamosi tuna mwari Fuoni na ngozi ya msondo imepasuka upande, kwa hiyo kesho alfajiri nakwenda naye machinjioni kutafuta nyingine, ije iloweshwe, ivutwe, ikauke kabla ya Ijumaa.